Nauli ya kwenda kupima

Mfuko wa jamii wa kikoba chetu ulikuwa unatoa fedha kwa mambo matatu tu: msiba, uzazi na kulazwa hospitali. Mwaka huu tumeongeza la nne, nauli ya kwenda kupima saratani ya mlango wa kizazi, na mimi mweka hazina nimesemwa kweli kweli. Eti nagawa hela za watu kwa wanawake wazima wasioumwa chochote. Ndiyo, hao hao nawataka. Akishaanza kutoka damu tunakuwa tumeshahamia kwenye safu nyingine ya daftari.

Na daftari ninalo. Ukilifungua utalikuta jina la mama yangu mdogo mara mbili, kwenye kulazwa na kwenye msiba. Alikuwa ameshakoma hedhi, damu ikaja, akacheka akasema ujana umerudi. Ikaanza mizizi, vikafuata vidonge vya U.T.I. kutoka duka la dawa, na alipofika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, uvimbe ulikuwa umeshatoka nje ya mlango wa kizazi.

Anayeijua hospitali ile kwa kupita na gari huiona nzuri: majengo ya Wajerumani ya miaka ya 1890, bahari ng'ambo ya barabara. Taasisi ya Saratani Ocean Road ilianzishwa kwa sheria mwaka 1996. Sisi tuliijua kwa benchi. Mionzi hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa kawaida wiki 5 hivi, na kila siku ni kutoka Mbagala hadi Posta, kisha bajaji kwa sababu mgonjwa hawezi kutembea. Binti yake aliyekuwa akimsindikiza alifunga genge lake la mboga. Benchini tulikaa na watu wa Kigoma na Mtwara waliopanga vyumba mjini ili wawahi mionzi, nikaacha kulalamikia foleni ya Mbagala. Kwa makadirio ya mwaka 2020, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani hii wapatao 10,000 na vifo vipatavyo 6,500. Kwa mwaka mmoja tu huo.

Kinachoniudhi ni kwamba ugonjwa wenyewe hauna haraka. Karibu wagonjwa wote wameupata kupitia kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana, jambo ambalo Mjerumani Harald zur Hausen alipewa Nobel mwaka 2008 kwa kuligundua. Wengi wetu tuliwahi kuwa nacho, kikaondoka bila hata kujijua. Kwa wachache kinaganda. Kikiganda, huchukua miaka 15 hadi 20 kufika kwenye saratani. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa inaweza kuwa 5 hadi 10. Ndani ya miaka yote hiyo mtu haumwi, hatoki damu, anauza vitenge vyake kama kawaida.

Sasa kitandani. Hapa nieleze vizuri, maana kinachowazuia wengi ni kutojua kinachofanyika. Unavua nguo ya ndani, unalala chali, nesi anakufunika shuka. Anaingiza kile chuma kinachoitwa mdomo wa bata, anamulika taa. Kisha anapaka siki kwa pamba, ya aina moja na ya kachumbari ila hii imepimwa, asidi asetiki asilimia 3 hadi 5. Anasubiri dakika moja hivi. Seli zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Hakuna kisu, hakuna sindano, majibu unayapata kabla hujafunga viatu. Baridi ya chuma ndiyo iliyonikera mimi, na kuulizwa idadi ya watoto wakati niko vile.

Katika kundi letu la kwanza mmoja alikutwa na doa jeupe. Alilia kwa sababu alidhani ameshaambiwa ana saratani. Siyo. Ni seli zinazoweza kuwa saratani zikiachwa, na nesi akamchoma doa hilo kwa kifaa cha moto siku ile ile. Tumbo likamkaza kama siku za hedhi, akapewa maji, tukarudi naye kwenye daladala moja. Doa likiwa kubwa sana, au likiingia ndani, mtu hupewa rufaa. La kwake lilikuwa dogo.

Kazi ilikuwa nyumbani. Baada ya kuchomwa hakuna tendo la ndoa kwa wiki kama 4 hadi 6, mpaka kidonda kipone. Mumewe akaona anafichwa kitu. Ikabidi mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, aende kumwamkia na kukaa naye barazani, na nadhani yule baba alimsikiliza kwa sababu ya umri kuliko sababu ya afya. Vyovyote. Kwenye fomu ya kundi la pili nimeweka hilo la wiki hizo juu kabisa, ili wanaume walisikie kabla, siyo baada.

Chanjo ya HPV ni habari ya mabinti. Ilianza nchini mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja, kuanzia miaka 9 hadi 14. Maneno ya mtaani kwamba inafunga kizazi nimeyasikia mpaka saluni. Ndani yake hakuna kirusi hai, ni ganda lake tu. Uskoti walianza kuchanja mwaka 2008, na mwaka 2024 walitangaza kuwa kati ya waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13 hawajapata hata mmoja mwenye saratani hii. Wangu alichanjwa shuleni, akarudi na mkono unauma na kisingizio cha kutoosha vyombo.

Kwa wanaokwenda na kundi la pili: vaa gauni au sketi pana, jinzi utaisumbukia. Usije ukiwa kwenye siku zako. Kuanzia miaka 30 unaandikwa. Wenye VVU kuanzia 25, na hao wasingoje kundi, hatari yao ni mara 6 ya wasio na VVU. Aliyeuliza kama binti yake aliyechanjwa amesamehewa kupima: hapana, akifika 30 naye atapanda kitandani. Nauli nagawa asubuhi kituoni, kwa saini.