Komba wa Mjimwema

Wapangaji wapya hapa Mjimwema, Kigamboni, wana swali lao la asubuhi: jana usiku nani kamwacha mtoto nje analia? Hakuna mtoto. Ni komba, yuko juu ya mwembe, anawaarifu komba wenzake kwamba pale pana mwenyewe.

Wa kwetu ni yule mkubwa wa pwani, wanasayansi humwita Otolemur garnettii. Mkubwa kwa jina tu, maana mara nyingi hafikishi hata kilo moja, na mkia umempita kiwiliwili kwa urefu. Mchana humwoni, amejikunja kwenye majani yaliyosongamana. Giza likiingia anatoka kutafuta matunda na wadudu. Mvua zikishanyesha, kumbikumbi wakaijaa taa ya nje, yeye hukaa ukutani kimya, masikio yanageuka kila moja upande wake. Mara mkono umechomoka! Unachoona ni mbawa zinadondoka.

Kinachonichekesha zaidi ni mikojo. Anakojolea viganja, anapaka mpaka nyayoni, ndipo anaanza safari. Kila tawi alilopita linabaki na harufu yake, na nondo za chuma za baraza langu nazo zimo. Mama mwenye nyumba anasema ni uchafu. Mimi naona hiyo ndiyo hati yake ya kiwanja.

Wapo wanaomrushia mawe, eti katumwa na wachawi, si mnaona macho yanavyowaka? Jamani, nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga. Mmulikeni paka tochi, mtaona hivyohivyo.

Mwenye haki ya kulalamika ni mgema wetu. Anakata karara, anatundika kibuyu, alfajiri anakuta tembo limepungua. Tunasema mtu mlevi kama komba, basi huyu babu anamjua mlevi mwenyewe. Nilimuuliza, "Babu, sasa utamfanyaje?"

"Nimfanye nini, mwanangu? Akizidiwa atashuka mwenyewe."

Komba ninayemtamani kumwona hayuko Kigamboni. Yuko msitu wa Pugu, ng'ambo ya uwanja wa ndege: komba wa Rondo, gramu 60 hivi, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Duniani kote anapatikana Tanzania peke yake, katika vipande vichache vya misitu ya pwani, na wakata mkaa wamevimega vipande hivyo miaka na miaka.