"Haya" ya Mama Tunu

Leo siku ya nne na bado naisikia ile "haya."

Jumapili usiku, Tunu ameshalala, tulikaa kusikiliza santuri kama kawaida yetu. Wiki hii nimethibitishwa kazini na dada yangu amejifungua salama mtoto wa kike, mambo ya kushukuru kwa kweli, lakini kinachonikosesha usingizi ni maneno machache ya kwenye kochi.

"Baba Tunu, huyu mama anaimba amesimama wapi?"

Nikamwambia sijamwelewa.

"Siku zote yuko pale, katikati ya spika, unamnyooshea kidole kabisa. Leo simwoni. Ametapakaa chumba kizima. Na besi imekonda."

"Masikio yako yamechoka tu," nikasema. "Vipimo nimepima mwenyewe."

"Haya."

Akakunja miguu, akachukua simu yake. Hakununa. Angenuna ningejua pa kuanzia.

Vipimo nilipima kweli. Tulipohamisha lile kabati Ijumaa nilizipanga spika upya: mita 2.2 kati yao, mita 2.2 kutoka kila moja hadi kochi, zile ndogo za sauti nyembamba zikiwa usawa wa masikio. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kukaa katikati, nikasikiliza upande mzima, nikaridhika. Jumapili ikawa zamu yake, na wimbo wa kwanza haujaisha akauliza swali lile. Masikio yamechoka! Kijana husikia hadi mitetemo karibu 20,000 kwa sekunde, kisha umri huanza kukata kule juu, na wanaume kwa kawaida ndio hutangulia. Hayo nilishayaandika hapahapa. Nayajua.

Jana usiku nikashindwa kuvumilia, nikaingia nyuma ya kabati na tochi ya simu. Spika ya kulia: waya wenye mstari mwekundu umekaa kwenye tundu jeusi. Nikazima amplifaya, nikachomoa nyaya, nikagusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha zake, chanya kwa mstari mwekundu. Koni ya kushoto, ile sehemu ya spika inayotikisika na kusukuma hewa, ikaruka mbele kidogo. Ya kulia ikazama ndani. Yaani tangu Ijumaa moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta, besi zinamezana, na sauti ya kukaa katikati inakosa pa kusimama. Ndicho alichosema Mama Tunu, neno kwa neno, bila kufungua chochote.

Nikageuza nyaya, nikaweka santuri ileile, nikamwita. Alikuja na kanga yake mabegani, akakaa katikati, akafumba macho. Sindano ikakwaruza kidogo, ngoma zikaingia, kisha yule mama akafungua kinywa.

"Amerudi," mke wangu akanong'ona, akanyoosha kidole macho yakiwa bado yamefumbwa. Palepale, katikati kabisa. Nilifurahi, jamani. Tulisikiliza pande zote mbili, tukarudia ya kwanza, saa saba hiyo.

Nilimweleza habari ya waya. Akauliza, "Ulijuaje pa kutazama?" Nikajibu, "Nilihisi tu."

Nilihisi tu! Leo akirudi nitamwambia ni yeye aliyenionyesha, na lile neno la masikio nitalitaja lenyewe na kuliomba radhi.

Dada hapokei simu tangu mchana. Asubuhi alisema mtoto hanyonyi vizuri. Ngoja nijaribu namba ya shemeji.