Nimepita tena kwenye meza za DVD

Nimetoka sokoni sasa hivi, vidole bado vina vumbi la makasha.

Najua ni kopi za wizi. Najua walioandika, walioigiza na waliobeba taa hawapati hata senti, na jambo hilo linanichoma kila nikisimama pale.

Lakini nasimama.

Napenda kule kupekua. Kava moja baada ya nyingine. Diski ya gigabaiti 4.7 imebanwa filamu kadhaa, kwa hiyo picha inapoteza ukali mpaka nyuso zinakuwa kama zimepakwa ukungu. Mbele kuna picha ya filamu moja, nyuma maelezo ya nyingine kabisa. Halafu ghafla unaiona ile ya zamani uliyoisaka kila mahali ukaikosa. Moyo unaruka!

Leo muuzaji kanijaribishia diski kwenye televisheni yake ndogo. Ilirekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema, sauti inasikika kwa mbali.

Mara mtu akainuka, kivuli cha kichwa chake kikakatiza skrini. Watazamaji wakacheka kwa kitu alichosema mwigizaji, nami nikajikuta nacheka nao. Watu nisiowajua kabisa, na bado kwa sekunde ile tulikuwa tumeketi pamoja.

Nakala safi haina kicheko hicho. Hicho ndicho nilichokipenda kuliko filamu yenyewe.

Nimeinunua.

Na nyie jamani, ni filamu gani mliyoipata mezani na hamjaiona tena popote? Na ile hatia mnaifanyaje? Niambieni hapa chini.