Ukurasa wa Ndizi za Shangazi

Juni 2017 nilikuwa Moshi kwa shangazi, nikisubiri matokeo ya kidato cha sita. Rafiki alinijazia kwenye flashi somo zima la kutengeneza kurasa za wavuti, maana bando la kutazama video hatukuwa nalo. Uzuri wa HTML na CSS, lugha za kuandikia na kupamba kurasa hizo, ni kwamba hazidai intaneti: unaandika kwenye Notepad, unahifadhi faili, unalifungua kwa Chrome, basi.

Zoezi lilitaka ukurasa wa mgahawa wa piza. Piza na mimi wapi na wapi! Nikaweka ndizi, ambazo shangazi alikuwa akiuza soko la Mbuyuni. Visanduku vitatu: mshare wa mtori, mzuzu wa kukaanga, kisukari za kula mbivu. Kila kimoja na picha, jina na kitufe. Ukikibonyeza, bei inajitokeza chini yake.

Kwenye kompyuta vilijipanga mstari mmoja, safi kabisa. Kwenye simu maandishi yakawa madogo kama sisimizi, kwa sababu simu huupanga ukurasa kana kwamba ina kioo kipana cha kompyuta, hadi uiambie vinginevyo pale juu: width=device-width. Nikaongeza na flex-wrap, amri ya CSS ya kushusha visivyoenea kwenye mstari, visanduku vikashuka kimoja chini ya kingine.

Kitufe ndicho kilichonitoa jasho. Kilitaka JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa uitikie ukibonyezwa. Brendan Eich, aliyeibuni, aliiandika ile ya kwanza kwa siku 10, mwaka 1995. Mimi kitufe kimoja tu kilinikalisha jioni nyingi, na lile baridi la Juni, blanketi mabegani. Kilipokubali nilikibonyeza bila sababu yoyote, bei itokee, ipotee, itokee tena.

Nikampelekea shangazi sokoni, ukurasa ukiwa kwenye simu yangu. Akafuta mikono kwenye kanga, akabonyeza mshare. Bei ikatokea. Akaguna.

"Baba, hii bei nani kakwambia?"

"Si ndiyo uliyouzia jana, shangazi?"

"Jana ni jana. Mkungu unauangalia, na mnunuzi naye unamwangalia. Toa hiyo. Anayetaka bei anipigie."

Niliumia, sitaficha. Ila alisema kweli: bei yake haikuwa kitu cha kuandikwa. JavaScript yote nikaifuta usiku ule, na mahali pake nikaweka kiungo cha HTML kinachoanza na tel: kikifuatiwa na namba yake. Kazi ya dakika chache.

Kesho yake akabonyeza tena. Namba ikajiandika kwenye simu yangu, nikamwonyesha pa kupiga. Simu yake ikaanza kuita ndani ya fundo la kanga. Akaitoa, akaiweka sikioni, huku ananitazama usoni.

"Haloo? Eeh. Unataka mikungu mingapi?"

Nikaagiza miwili. Akanitajia bei ya juu kuliko ile niliyoifuta, na salio langu likakatika hatujaelewana.