Rilei haioni diski

Mbeya, Novemba, jioni. Mawingu yamekaa juu ya Loleza, na msimu wa radi na umeme wa kukatika-katika ndio umefunguliwa. Ni wakati mzuri wa kuifikiria ile diski ya nakala rudufu inayozunguka usiku na mchana kwa kazi ya saa moja tu. Virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia vikiingia, vinaikuta wazi. Heri ilale, iamshwe na rilei ya waifai, yaani swichi ya umeme inayopokea amri kwa mtandao wa nyumbani.

Rilei yenyewe ni rahisi. Sonoff Basic, rilei ya aina ya kawaida, hukata umeme wa 230 V kabla ya adapta. Hakikisha waya unaokatwa ni wa moto, si nyutro. Mimi napendelea kukata upande wa 12 V, kati ya adapta na diski, kwa rilei ambayo koili (sumaku inayoiendesha) na kontakti (vyuma vinavyounganisha na kukata umeme) zimetengana, kama Shelly 1. Adapta ina kapasita zinazovuta mkondo mkubwa kila inapowashwa upande wa 230 V, na kontakti huweza kugandana. Kwenye 12 V, diski ya inchi 3.5 huhitaji hadi ampea 2 hivi inapoanza kuzunguka, kisha hushuka. Diski ndogo za inchi 2.5 hunywa umeme kwenye USB, kwa hiyo habari hii haizihusu.

Kosa kubwa ni taima. Mtu anapanga iwake saa nane usiku, izime saa tisa. Lakini 1 TB kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde inakaribia saa mbili, na kwenye USB 2 ni karibu saa saba. Rilei haioni kama diski bado inaandika. Saa tisa ikifika inakata, na mfumo wa mafaili unaweza kuharibika. Amri itoke kwenye kompyuta yenyewe, hapa yenye Linux.

Kwa rilei yenye Tasmota (programu huria ya ndani ya rilei), skripti, yaani faili la amri zinazofuatana, huanza kwa kuita `http://192.168.1.50/cm?cmnd=Power%20On` (anwani weka yako), husubiri sekunde 20, kisha hupachika diski kwa UUID (namba ya utambulisho wake isiyobadilika), maana jina kama sdb hubadilika. Hapa usiruke hatua: kagua kwa `mountpoint -q` kama diski imepachikwa kweli, kabla ya rsync, programu inayonakili mafaili. Diski isipoamka, rsync itamwaga kila kitu kwenye folda tupu mpaka diski ya mfumo ijae. Ikimaliza, `umount` ya kuiachia diski. Ikigoma, skripti isimame hapo hapo na rilei ibaki imewaka. Ikikubali, `udisksctl power-off -b /dev/sdX`, sekunde 10 za kungoja vichwa vya diski vitue, ndipo Power Off.

Halafu weka `PowerOnState 0`, ili rilei ibaki imezima umeme ukirudi. Tasmota kiwandani imewekwa 3, yaani hurudia hali ya mwisho. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi diski inawaka yenyewe, na huku kwetu unaweza kurudi na kukatika tena mara tatu ndani ya dakika tano. Kompyuta, ruta na adapta vyote vikae kwenye UPS (betri ya akiba); ruta ikizimika, amri ya kuzima haifiki.

Kwa radi, rilei haisaidii kitu. Nafasi kati ya kontakti zake ni ndogo mno, na kebo ya USB bado imeishika diski. Ngurumo zikianza, chomoa vyote viwili, adapta na kebo ya USB.