Trampolini yetu kuukuu sikuiuza kwa kilo

Kijana wa vyuma chakavu alisimamisha guta lake getini kwetu mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Siku ya kwanza alisema, "Shikamoo mama. Ile ya watoto kurukia mnaiuza? Nakupa thelathini, kazi ya kuifungua juu yangu." Siku ya tatu alikuwa amepanda hadi arobaini. Baba watoto alishaanza kumkaribisha ndani. Mimi nikakataa, na hadi leo naona nilifanya la maana, kwa sababu kile chuma kimeniokolea vifaranga kuliko dawa na kelele zote nilizowahi kujaribu.

Tuliinunua ya mtumba kutoka kwa familia iliyokuwa inahama Msasani. Ni ya futi 12, ina springi 72. Wanangu na watoto wa jirani waliirukia miaka sita, kila mmoja akijiona yuko Olimpiki, na kweli mchezo huo uko Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000. Lakini sisi tuko Mbezi Beach, na hewa ya bahari haina huruma na chuma. Springi zikaota kutu, sponji za pembeni zikapasuka, neti ya kuzunguka ikawa ukiivuta kwa kidole inakatika kama uzi wa buibui. Siku mtoto alipochanwa paja na springi iliyovunjika, nikapiga marufuku kuruka.

Baada ya hapo kila mtu akawa fundi. Shemeji yangu aliniambia, "Shemu, kata hayo mabomba, chomelea geti la nyuma." Ushauri huo ulinikera kuliko wote, maana yeye mwenyewe aliwahi kunisimulia jinsi kijana wake wa kazi alivyotetemeka usiku kucha kwa homa baada ya kuchomelea mabomba ya galvanaizi. Ile rangi ya fedha juu ya bomba ni zinki. Ukiichoma inatoa moshi mweupe, na anayeuvuta anapata homa na baridi kali saa chache baadaye. Ukitaka kuchomelea salama, uisage kwanza kwa grenda hadi chuma kitupu kionekane. Sasa ukiisaga hapa kwetu karibu na bahari, umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinazuia kutu. Unabaki na geti la mwaka mmoja.

Jirani alipendekeza bustani ya duara, nijaze udongo katikati. Binti yangu alinionyesha picha za kitanda cha kubembea kilichoning'inizwa mtini, mito mizuri, mapazia meupe. Nikaenda kuyatazama maungio. Vipande vya lile duara vimechomekwa tu kimoja ndani ya kingine, na kinachovibana ni mvuto wa springi zote kuelekea katikati. Ukitoa springi ukafunga kamba sehemu nne, halafu ukalala wewe na wanao, vipande vinaanza kuachana. Nikasema hapana.

Shida yangu mimi ilikuwa kunguru. Anayefuga kuku wa kienyeji Dar anajua ninachosema. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 eti wasafishe taka, wakavuka hadi huku, na sasa kifaranga hamalizi wiki. Mtetea anaangua kumi na mbili, unahesabu jioni wanane, keshokutwa watatu. Wanakuja wawili wawili: mmoja anamchokoza mama mbele, mwingine anabeba mtoto nyuma. Niliwahi kuvaa khanga yangu kichwani nikashinda uwanjani na fimbo, na bado walinizidi.

Kwa hiyo nilifanya lililoonekana rahisi. Nikaiacha trampolini imesimama palepale kwa miguu yake, nikazungushia wavu wa waya chini kuanzia duara hadi ardhini, nikaweka kimlango, nikaingiza mitetea mitatu na watoto wao. Kile kitambaa cheusi juu kikawa paa. Februari yote kazi ilikuwa safi. Kivuli kipo, kunguru wanakaa juu wanatazama chini hawana njia.

Mvua za mwanzo za masika zikanionyesha kosa. Kitambaa cha trampolini kimefumwa, kinapitisha maji. Chini kukawa tope, vifaranga wamelowa wanajikunyata. Nikatandika turubai jipya juu ya kitambaa, nikalikaza kwa kamba pande zote, nikaingia ndani kulala kwa amani.

Naomba nieleze usiku ule vizuri, kwa sababu nimeona watu wakifanya hivyo hivyo. Duara la futi 12 lina upana wa karibu mita 3.66, na eneo lake ni mita za mraba kama 10 na nusu. Maji ya kina cha sentimita 1 tu juu ya eneo hilo ni zaidi ya lita 100, yaani zaidi ya kilo 100. Na springi kazi yake ni nini? Ni kuachia uzito. Zinavutika. Kwa hiyo mvua ilipoanza saa tano usiku, kitambaa kikalegea kidogo katikati, maji yakakimbilia pale, uzito ukaongezeka, kikalegea tena, kikaita maji mengine. Nilikuwa nimejijengea bakuli linalojikuza lenyewe.

Saa nane nikasikia mlio kama mtu anagonga bati kwa nyundo. Halafu mwingine. Zilikuwa springi zenye kutu zinachomoka upande mmoja. Tulitoka na tochi, baba watoto na mimi, tukakuta tumbo la turubai limefika karibu na ardhi, kuku wanalia chini yake. Nikataka kuingia, akanishika mkono. Alifanya vema, maana hapohapo upande wote wa ukutani uliachia, maji yakaporomoka kwa pamoja. Tulipoteza vifaranga tisa na mtetea mmoja, yule mwekundu niliyeletewa na mama kutoka Korogwe. Sikula chochote asubuhi ile. Nilikaa barazani nikilitazama lile duara.

Na ndipo nilipoona. Duara lilikuwa limeinama upande mmoja, mguu umezama kwenye mchanga uliolowa, na maji yaliyobaki yalikuwa yanateleza kwenye bomba yanadondoka pembeni. Nikajiambia: hili halitakiwi kulala. Linatakiwa kusimama.

Kufungua springi kuna ujanja wake. Watu wanahangaika na koleo hadi vidole vinachubuka. Ipate moja kwanza, ndiyo ngumu, kisha ndoana ya springi hiyo uliyoitoa uiunganishe na ya inayofuata, upande wa pili upitishe kijiti kifupi cha kushikia kwa mikono miwili. Unavuta kuja kwako, unainua, imetoka. Usizitoe kwa kufuatana. Toa moja huku, nenda ng'ambo ya pili toa nyingine, la sivyo za mwisho zitakuwa zimebana mno. Vaa glovu na miwani, na watoto wawe ndani ya nyumba. Mimi na binti yangu tulimaliza zote kabla ya adhana ya adhuhuri.

Maungio yaliyoshikana kwa kutu niliyapaka dizeli jioni, nikayaacha hadi kesho yake. Unapogonga, weka kipande cha ubao kati ya nyundo na bomba ili mdomo wa bomba usibonyee.

Duara letu lina vipande 8. Nikatenga vinne huku, vinne kule. Vinne vikiungana ni nusu duara, yaani tao. Nina matao mawili, na sijakata chochote. Fundi wangu alikuja na grenda begani tayari kwa kazi, akakuta nimeyalaza chini yanamsubiri. Akanitazama, akasema, "Dada, kumbe unajua unachotaka." Nikamwambia atoboe tu tundu moja kila ungio na apitishe bolti, kwa sababu springi za kubana hazipo tena. Bolti sita, nati sita.

Sasa linalonifurahisha mno. Kila kipande cha duara kina kikono kifupi cha bomba kilichochomelewa kiwandani, ndimo mguu unapoingia. Trampolini ikiwa imelala, vikono vinaangalia chini. Ukilisimamisha tao, vikono vinaangalia mbele. Nikayasimamisha matao mawili yakitazamana, vikono kwa vikono, vinne huku na vinne kule, kila kimoja kikimwelekea mwenzake! Nikanunua mirunda minne, kama elfu tatu au nne kila mmoja, fundi akaichonga ncha kwa panga, tukaichomeka. Matao yamekamatana umbali wa mita mbili bila kuchomelea hata tone. Fundi alitaka nimlipe siku nzima, lakini kazi ilikuwa ya saa mbili, tukaelewana kwenye ishirini na chai.

Miguu ya tao hupenda kutanuka ukiliwekea uzito, na mchanga wetu haushiki kitu. Tulizika ndoo nne za rangi za lita 20 hadi shingoni, tukasimamisha ncha za matao humo, tukajaza zege. Mfuko mmoja wa simenti ulitosha na ukabaki. Katikati pana kimo cha mita moja na nusu hivi, naingia kwa kuinama kidogo kukusanya mayai.

Kitambaa cheusi nilikirudisha juu kabisa, mgongoni. Kimeshonewa visikio vya chuma ukingoni, kwa hiyo nilikikaza kwa springi zilezile, kumi na sita nzima nzima, nikazifunga kwenye mirunda kwa waya. Upepo wa kusi ukipiga, kinavuta, kinarudi. Na mvua? Kwa sababu kimeinama pande zote mbili, maji mengi yanateremka kabla hayajapenya. Matone machache yanapita wakati wa mvua kubwa, na usiku vifaranga wanaingia kwenye banda la mabati lililounganishwa upande wa pili, hivyo halinisumbui.

Kwa kuwa neti ya zamani ilikuwa imeoza kwa jua, nilikwenda Kunduchi kwa wavuvi. Hapo kuna nyavu ambazo hazifai tena kwa samaki lakini zina nguvu kuliko neti yoyote ya dukani. Mzee mmoja alinipa rundo zima kwa elfu kumi na tano, akaniuliza mara mbili kama kweli ni ya kuku. Nikaisuuza chumvi, nikaifunika kutoka mgongoni hadi chini. Angalia matundu, kama mguu wa kifaranga unanasa chagua neti nyingine au kunja mara mbili, mimi nilikunja. Chini nimezungusha wavu wa waya wa nusu mita, na mwingine nimeufukia ardhini kwa ajili ya vicheche, maana kicheche haji kwa juu, anachimba.

Sponji usizipe kuku. Nilitandika moja bandani nikidhani nawapa joto, nikakuta wanaidonoa na kuimeza. Nimezitupa zote. Ganda lake la plastiki ndilo zuri, nimelining'iniza upande wa mvua kama pazia.

Springi nyingine moja imekuwa msaada kuliko nilivyotarajia: nimeifunga kati ya mlango na fremu, ukiingia na ndoo mikono miwili mlango unajifunga wenyewe nyuma yako. Kabla ya hapo watoto walikuwa wanausahau wazi kila siku. Mbili zinaning'iniza chombo cha maji, kuku wakikigonga kinacheza hakimwagiki. Miguu miwili ya trampolini, ile yenye umbo kama herufi W, nimeigeuza benchi chini ya mwembe kwa ubao wa futi sita. Baba watoto anakaa hapo jioni na redio yake, na hajataja tena habari ya guta.

Masika yaliyofuata nilitoka usiku wa mvua ya kwanza kubwa, nikasimama na tochi nikitazama maji yanavyoteremka pande mbili kama paa la nyumba. Nililia kidogo, kwa ajili ya yule mtetea mwekundu.

Msimu huu mitetea mitatu imeangua vifaranga 31. Wawili walikufa siku za mwanzo. Wengine 29 wamefikisha miezi miwili, nimewafungulia wazurure, na kunguru hawawawezi tena kwa ukubwa huo. Jirani wa bustani ya duara amekuja na futi kamba kupima matao, ana trampolini ya futi 10 nyuma ya nyumba. Nimemwambia aanze na dizeli kwenye maungio leo jioni, springi za kushikia nitamwazima.