Nusu saa tu, dada

Arusi ya binti wa shangazi imepita salama Alhamisi, karatasi za kidato cha pili nimezimaliza kusahihisha, lakini neno la mdogo wangu liko kifuani tangu Jumatano.

"Dada, Lamu na Malindi ni nusu saa tu. Ungetaka ungefika."

Ungetaka. Hakupandisha sauti. Mama alikuwa na usiku wa pili amelazwa kwao Malindi, na mimi huku Lamu nikajibu, "Haya." Basi.

Usiku ule nilitoa atlasi ya darasani nikaweka rula, kutoka Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege, hadi Malindi. Kilometa kama 140 za moja kwa moja, kukata Ghuba ya Ungwana. Kwa ndege ndogo inayokwenda kilometa 300 kwa saa, hizo ni dakika 28. Kwa hiyo hakusema uongo, na hapo ndipo panapouma. Lakini nusu saa yake inaanza magurudumu yakiacha lami na kwisha yakiigusa tena. Haina kushuka na begi hadi gatini, haina boti ya kuvukia Manda, haina kupima mizigo na kungoja, haina upepo wa kusi unaoikabili ndege njia nzima. Haina nauli, ambayo mwezi huu ilikwenda kwenye ada ya mtoto. Na kwa basi ni kuvuka hadi Mokowe, kisha Witu, kisha Garsen, zaidi ya kilometa 200. Yote haya nilikuwa nayo mdomoni, nikasema "Haya."

Ungetaka. Nilifua nalo, nikapika nalo.

Ijumaa nilikopa nauli nikaenda.

Mama alikuwa ameruhusiwa, amekaa kitako kitandani kwake, leso begani, amepungua uso. Hakuniuliza mbona nimechelewa. Aliuliza, "Umeuona mto?"

Niliuona, mama. Pale Kipini, Tana inapoingia baharini, maji ya tope yametandaa mbali sana ndani ya bahari, na yanapokutana na ya buluu hayachanganyiki upesi. Kuna mstari kati yao, umepinda, wazi kama pindo la leso. Nilibandika uso dirishani mpaka kioo kikaingia ukungu. Mama hajapanda ndege maisha yake. Alinisimulisha mara tatu. Mara ya tatu mdogo wangu alivuta kigoda akakaa miguuni pake, akauliza, "Mstari wenyewe unafika mpaka wapi, dada?" Nikamwonyesha kwa kidole juu ya shuka. Lile neno hakulitaja, nami sikulitaja. Nililala usingizi mzito usiku huo, ubavuni mwa mama.

Nimerudi leo alasiri. Punda wetu nimemkuta anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto, na ukwato una ufa ambao Alhamisi haukuwapo. Hataki kuguswa. Kesho nina kipindi cha kwanza, na sijui nani atampeleka akatazamwe.